Wanane kati ya Arobaini

Alhamisi saa nne asubuhi Inspekta Arafa Jamaldini alikuwa Ipagala, kwenye ofisi yenye feni iliyokufa, anahesabu umri wa watu asiowajua. Kesho yake, saa tisa na nusu alasiri, jalada la Seth, kijana wa bodaboda, lingeondoka kituoni kwenda kwa mwanasheria wa serikali. Likishatoka, Seth angesomewa shtaka la mauaji, na shtaka hilo halina dhamana.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi, na ufupi wake ndio uliomkera. Jumatano ya wiki iliyopita kijana mmoja aitwaye Tumsifu, mdadisi wa kampuni ndogo inayofanya utafiti wa maji vijijini, alipanda bodaboda ya Seth saa tano asubuhi akaelekea Makutupora. Alhamisi asubuhi vibarua waliokuwa wakipogoa mizabibu walimkuta kwenye mfereji mkavu, amekufa, kichwa kimevunjika. Daktari alisema aliuawa kati ya saa sita na saa tisa mchana. Koti lake lilikutwa kwenye boksi la pikipiki ya Seth. Seth alisema abiria alilivua kwa sababu ya jua, wakalisahau wote wawili. Nani amwamini bodaboda aliyekutwa na koti la marehemu?

Mtu mwenye ugomvi na Tumsifu alikuwa mmoja tu: Charles, msimamizi wake kazini. Jumatatu ya wiki ile walitupiana maneno ofisini mpaka wakatenganishwa. Lakini Charles alikuwa na ngao. Jumatano ile, alisema, alishinda Haneti, mbali kaskazini, akihoji wakuu wa kaya arobaini. Madodoso arobaini yalikuwapo, yamejazwa kwa kalamu. Saini yake ilikuwapo kwenye kitabu cha wageni cha kijiji. Koplo Octavian alikwenda kuuliza, akarudi na jibu moja: vijana wenye fulana za bluu walipita, wakapita tena, na wanakijiji hawakumbuki yupi alipita siku gani. Madodoso hayakuwa na majina. Kila kaya ilikuwa namba.

"Inspekta, mimi sijui mambo ya mauaji," alisema Brightness, karani wa takwimu wa kampuni ile, bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta yake. "Ila nimeingiza madodoso elfu tatu humu ndani. Watu wa Charles wana umri mzuri mno."

"Umri mzuri ndio upi?"

"Hamsini na tatu. Arobaini na saba. Sitini na moja. Thelathini na nane. Soma mwenyewe."

Octavian, aliyekuwa ameegemea kabati, alicheka. "Sasa dada, mtu kuwa na miaka sitini na moja ni kosa la jinai? Basi mjomba wangu nimkamate leo."

"Mjomba wako ana cheti cha kuzaliwa?"

"Hana."

"Anajuaje kuwa ni sitini na moja?"

Octavian akaacha kuegemea kabati.

"Nenda kitongojini umuulize mzee umri wake," Brightness aliendelea. "Atakwambia sitini. Rudi baada ya miaka mitatu, atakwambia sitini. Siku akichoka kuulizwa, atakwambia sabini. Watu wanazaliwa mwaka wa njaa, mwaka wa nzige, mwaka mvua ilipobeba ng'ombe. Ukiwalazimisha watoe namba, wanatoa namba ya duara. Tumsifu alikuwa ananilalamikia kila jioni: Brightness, leo tena nimekutana na kijiji kizima cha watu wa hamsini."

Arafa alinyoosha mkono. "Nipe ya Tumsifu. Ya kitongoji kilekile alichosema Charles, si kingine."

Yalikuwa madodoso mia moja na ishirini. Arafa aliyaweka sakafuni, akavua viatu, akakaa mkekani. Hesabu yake ilikuwa ya darasa la saba, na kwa kazi ile ilitosha. Kila umri ulioishia na sifuri au tano aliuwekea kijiti kwenye daftari. Baada ya nusu saa alikuwa na vijiti sabini na tano.

"Sabini na tano kwa mia na ishirini," alisema. "Pointi sita mbili tano. Zaidi ya watu sita katika kila kumi. Sasa lete ya Charles."

Ya Charles hayakuchukua dakika tano. Kati ya arobaini, wanane.

"Wawili katika kila kumi," alisema Octavian taratibu. Kisha utani ukamrudia. "Lakini afande, bahati ipo. Kuna siku mvuvi wa Mtera anavua sato tu, kuna siku anavua kambale tu. Pengine Charles aliangukia wanaojua umri wao."

"Pengine. Tujaribu." Arafa alimsukumia rundo la Tumsifu. "Yageuze uso chini. Yachanganye kama karata, maana najua karata unazijua. Kisha chukua arobaini bila kuchagua, tuhesabu."

"Yote haya?"

"Mara kumi."

Octavian alichanganya, akachomoa. Ishirini na tano. Akachanganya tena. Ishirini na saba. Ishirini na tatu. Jasho lilimtiririka shingoni, karatasi zikamkata vidole, na kila mara alipochomoa alimtupia Arafa jicho la mtu aliyeajiriwa kukimbiza majambazi akaishia kucheza karata na bosi wake. Mara kumi zilipokwisha, rundo dogo kuliko yote lilikuwa na ishirini na moja, na kubwa kuliko yote ishirini na tisa. Wanane hawakutokea, wala hawakukaribia kutokea.

"Mtu anayetunga namba," alisema Brightness, "anajitahidi zisifanane. Anaogopa kuandika hamsini mara mbili. Watu wa kweli hawaogopi."

Arafa alivaa viatu vyake. "Huyo msimamizi wenu yuko wapi?"

* * *

Charles alikuwa mtu wa kupendeza, ndivyo alivyokuwa. Shati limenyooka, viatu vinang'aa katika mji ambao vumbi halimwonei haya hata waziri. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, mikono juu ya meza, kisha akatabasamu kama mwalimu aliyeletewa swali jepesi.

"Shikamoo yangu kwako hukuipokea vizuri, Inspekta, lakini nitakujibu kwa heshima. Mimi sikuwauliza umri."

"Hukuwauliza?"

"Vijana wangu ndio wanauliza. Mimi nina miaka kumi na moja kazini. Najua wazee wa kule wanakisia, ndiyo maana mimi naomba kitambulisho cha taifa. Nasoma mwaka wa kuzaliwa, nautoa kwenye mwaka huu, naandika. Ndiyo maana umri wangu si wa duara. Hiyo inaitwa ubora wa takwimu." Akamgeukia Octavian. "Kamanda, umeelewa au nirudie?"

Octavian alikunja ngumi, kisha akaikunjua kwa sababu Arafa alimtazama.

Jibu lile lilikuwa zima, halina ufa. Arafa alimshukuru, akatoka nje, akasimama juani kando ya gari. Kazi ya asubuhi nzima ilikuwa imepigwa teke na sentensi moja.

"Ametufunga," alisema Octavian. "Bao safi. Mrakibu William akisikia tulishinda tunacheza karata, nitarudishwa kuongoza magari."

Arafa alikuwa anatazama kitambulisho chake mwenyewe, alichokitoa pochini bila kujua kwa nini. Tarehe ilikuwa kamili: kumi na saba, mwezi wa tatu. Yeye alizaliwa hospitali ya mjini, na baba yake aliandika siku ile nyuma ya jalada la msahafu.

"Mjomba wako asiye na cheti," alisema. "Kitambulisho anacho?"

"Anacho."

"Kimeandikwa amezaliwa lini?"

"Tarehe moja, mwezi wa kwanza," alijibu Octavian. "Mwaka hamsini na..." Akamgeukia. "Afande. Karibu wazee wote wa kwetu wamezaliwa tarehe moja mwezi wa kwanza."

"Kesho alfajiri," alisema Arafa, "tunakwenda Haneti. Usikisie. Tutahesabu."

* * *

Ijumaa saa mbili asubuhi mbele ya ofisi ya kijiji palikuwa na foleni ya wakulima wanaojiandikisha kwa mbolea ya ruzuku kabla ya mvua. Kila mmoja alishika kitambulisho mkononi, wengine wamekifunga kwenye kitambaa kama hirizi. Arafa alitembea na mtendaji wa kijiji kando ya mstari.

"Mbukwenyi!" aliwasalimia kwa Kigogo.

"Mbukwa!" waliitikia, na wengine wakacheka jinsi alivyolitamka.

"Nawaomba wakuu wa kaya wa kitongoji cha bwawani tu. Simdai mtu kitu. Nataka kuona mwaka wa kuzaliwa, basi."

"Hao wa foleni si wote," Octavian alimnong'oneza. "Waliobaki nyumbani je?"

"Ndiyo maana nachukua wa kitongoji kimoja, na nachukua kila anayekuja bila kuchagua. Wewe andika."

Bibi mmoja mwembamba, mgongo umepinda lakini macho makali, alimkabidhi kadi kabla ya kuombwa.

"Shikamoo, bibi. Una miaka mingapi?"

"Marahaba. Andika sabini."

"Kadi inasema umezaliwa mwaka hamsini, tarehe moja mwezi wa saba. Hiyo ni sabini na minne."

"Basi andika ya kadi, mimi siku ya kuzaliwa sikuwa na kalenda." Foleni ikaangua kicheko. "Yule mtoto wa meza ya vitambulisho aliniuliza, bibi, mwaka gani? Nikamwambia mimi nilizaliwa wakati wa njaa. Akasema mashine haina njaa. Nikamwambia weka hamsini. Akaniuliza na tarehe. Nikamwambia nayo weka wewe, umesoma."

"Na mumeo?"

"Yule ni wa arobaini na tano. Tulikubaliana anizidi kidogo."

Hata Octavian, aliyekuwa ameamka na hasira, alicheka mpaka kalamu ikamtoka.

Walisoma kadi hamsini. Thelathini na tatu zilikuwa na mwaka ulioishia na sifuri au tano: hamsini, hamsini na tano, sitini, sitini na tano, themanini. Tarehe, nyingi, zilikuwa mwanzo wa mwezi wa kwanza au wa saba. Arafa aliegemea boneti la gari na kugawanya. Thelathini na tatu kwa hamsini: pointi sita sita. Duara walilolisema kwa mdomo waliingia nalo mpaka kwenye kadi.

"Sasa fikiri," alimwambia Octavian. "Mwaka huu ni elfu mbili na ishirini na nne. Aliyeandikwa hamsini ana miaka sabini na minne. Aliyeandikwa sitini na tano ana hamsini na tisa. Kama Charles alitoa umri kwenye kadi, watu wake hawaishii na sifuri au tano. Wanaishia na nne au tisa. Katika arobaini, wangapi?"

Octavian alipiga hesabu midomo ikicheza. "Ishirini na sita hivi."

Madodoso ya Charles yalikuwa kwenye bahasha ndani ya gari. Waliyasoma pale pale, upepo wa Oktoba ukiyapigania, kila mmoja amebana pembe kwa kiwiko. Waliohesabiwa miaka inayoishia na nne au tisa walikuwa tisa.

Watu wale arobaini hawakutoka mdomoni mwa mtu wala kwenye kadi ya mtu. Walitoka kichwani.

"Na saini ya kitabu cha wageni?" Octavian aliuliza.

Mtendaji alikuwa amesimama karibu, anasikiliza kwa aibu. "Hiyo... Charles alisaini siku mbili kwa mpigo, Jumanne. Aliniambia Jumatano atapitia moja kwa moja kitongojini asinisumbue. Koplo alipokuja aliniuliza kama saini ni yake. Ni yake."

Octavian alitoa kalamu, akaanza kuandika maelezo ya mtendaji.

* * *

Walifika kituoni saa saba na nusu. Saa nane Charles alikuwa ameketi chumba cha mahojiano, shati jingine, tabasamu lilelile. Arafa alimwekea karatasi tatu mbele yake na kumweleza mdomo, kisha kadi, kisha kichwa. Alieleza polepole, kama mtu anayefunga mzigo, na kila fundo alilivuta.

Tabasamu lilibaki mdomoni, likatoka machoni.

"Huo ni uwezekano," alisema Charles. "Mahakama haifungi watu kwa uwezekano. Unaweza kuniambia ni asilimia ngapi kwamba mimi ni mwongo?"

"Sihitaji. Uwezekano ni wa mvua ya kesho. Jumatano imeshapita: ulikuwa Haneti au hukuwapo. Namba zimenionyesha pa kuchimba, nikachimba, nikamkuta mtendaji anayesema ulisaini Jumanne kwa siku mbili. Amesaini maelezo. Sasa nakuuliza mara moja. Jumatano ulikuwa wapi?"

Nje, mtu aliwasha pikipiki, ikakohoa, ikazimika.

"Nilitunga madodoso," alisema hatimaye. "Sawa. Andika. Nimechoka na barabara ile, nimechoka na wazee wale. Ni kosa la kazi. Nifukuzwe kazi."

"Tumsifu alijua?"

"Tumsifu alikuwa mtoto. Alidhani utafiti ni sala."

"Jumatatu alikwambia atakupeleka kwa mkurugenzi. Brightness alisikia."

Charles akavuta kiti nyuma. Mikono iliyokuwa mezani ikashuka mapajani. "Kuanzia hapa sijibu mpaka wakili wangu aje."

"Ni haki yako," alisema Arafa, na akamwita askari wa zamu ampeleke mahabusu. Hakuwa amempata muuaji. Alikuwa amempata mtu aliyejenga ukuta wa watu arobaini wasiokuwapo, na ukuta huo sasa ulikuwa umelala chini. Hiyo ilitosha kulizuia jalada. Au ndivyo alivyodhani, mpaka alipomkuta Mrakibu William kwenye korido, jalada kwapani.

"Arafa, kazi nzuri, nimesikia," alisema mkuu wake wa upelelezi. "Lakini imechelewa. Seth amekiri."

"Amekiri lini, afande?"

"Asubuhi, wewe ukiwa Haneti. Ameomba mwenyewe kuandika maelezo. Hakuna aliyemgusa, usinitazame hivyo. Dereva anaondoka saa tisa na nusu."

Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika hamsini.

"Nipe nusu saa naye."

"Mtu amekiri, Inspekta. Wewe unaniletea umri wa mabibi."

"Nusu saa, afande. Jalada lina saini yangu. Likiwa na uongo, uongo utakuwa na jina langu."

William alimpa jalada kama anayempa mtu mzigo wa moto.

Seth aliletwa akiwa amevaa kandambili zisizolingana. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mabega ya mtu wa kusukuma pikipiki, na macho yaliyokuwa yameacha kutafuta kitu. Alimwamkia, akakaa.

"Seth, umeandika kwamba ulimuua Tumsifu."

"Ndiyo, mama."

"Ulimpiga na nini?"

"Na... spana."

"Spana namba ngapi?"

"Kumi na saba."

"Mara ngapi?"

"Mbili. Tatu." Alimtazama, kama anayesoma usoni pake jibu linalotakiwa. "Nne?"

Taarifa ya daktari, ambayo haikuwa imewahi kutoka kwenye droo ya Arafa, ilitaja jiwe, pigo moja, na mchanga wa mfereji ndani ya jeraha.

"Ulimwacha wapi?"

"Porini. Chini ya mti."

"Seth." Arafa alifunga jalada. "Nimeshinda siku mbili nasoma karatasi za mtu aliyejaza majibu ya watu asiowaona. Na wewe umefanya vilevile. Nani alikwambia useme hivi?"

Kijana aliinamisha kichwa. "Wenzangu wa selo. Wanajua sheria. Wamesema ukikataa unakaa miaka kumi unasubiri kesi. Ukikubali mapema unahesabiwa hukukusudia, unapunguziwa. Miaka mitatu, mama. Nimepiga hesabu. Binti yangu atakuwa na miaka sita, nitamkuta anaingia darasa la kwanza."

"Hawajui sheria. Mauaji ni kunyongwa, na wewe utahukumiwa kwa kitu ambacho hukufanya."

"Basi nikiikana hii karatasi natoka leo?"

"La. Leo hutoki."

"Kesho?"

Arafa aliitazama saa ya ukutani.

Seth aliegemea mbele, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na ukali. "Mama, wao wamenipa namba. Mitatu. Hata kama ni ya uongo, nimeweza kulala nayo. Wewe unaniambia niitupe. Sawa, naitupa. Unanipa ngapi?"

Ukutani zilibaki dakika kumi na nne. Inspekta Arafa, aliyekuwa amegawanya namba tangu jana mpaka vidole vikanuka wino, alitafuta hata moja ya kumpa mtu huyu, akaikosa. Alivuta karatasi nyeupe, akaandika tarehe juu, na kulisukuma jalada mpaka ukingoni mwa meza, mbali na mlango.

"Sina," alisema. "Anza upya. Jumatano, saa tano asubuhi. Amepanda pikipiki yako. Amekwambia nini?"